Kaunta ya stenlesi katika jiko la nyumbani Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya familia za Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu, Uvinza na vijiji vya kando ya ziwa ambazo zinajenga au zinakarabati jiko na kufikiria kuweka kaunta ya chuma kisichoshika kutu, ambacho madukani huitwa stenlesi. Majibu yote yanaegemea jambo moja: thamani ya kaunta hii imo katika aina ya chuma, unene wa bati, kitu kinacholibeba na namna viungo vilivyochomelewa, wala haimo katika mng'ao unaoonekana siku ya kununua.

Kwa nini tuchague stenlesi wakati zege na vigae vinapatikana kwa urahisi?

Zege lililopakwa vigae ni kaunta nzuri na hatuna sababu ya kulidharau. Udhaifu wake uko kwenye mistari ya saruji iliyo kati ya kigae na kigae, kwa kuwa saruji hunyonya. Jiko la Kigoma lina vitu viwili vinavyoijaribu mistari hiyo kila siku: mawese na samaki. Rangi nyekundu ya mawese huingia ndani ya saruji, mbao na plastiki, na ikishaingia haitoki hata kwa sabuni nyingi. Maji yanayotoka kwa migebuka au kuhe anayeparuliwa hufuata njia hiyohiyo, nayo huacha harufu ambayo mama wa nyumba huihangaikia kila asubuhi. Stenlesi haina matundu ya kunyonya. Mawese hukaa juu yake na kufutika kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, na damu ya samaki haina mahali pa kujificha, mradi viungo viwe vimezibwa vizuri.

Kwa familia ambayo hupika samaki mara chache, na ambayo mawese hayapo katika chakula chake cha kila siku, vigae vinatosha, na fedha hizo zaweza kwenda kwenye tangi la maji au dirisha kubwa zaidi.

Je, ni kweli kwamba chuma hiki hakishiki kutu kamwe?

Si kweli, na imani hiyo ndiyo inayoharibu kaunta nyingi. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hiyo inapokutana na oksijeni ya hewani hujenga utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho, ambao hulinda chuma kilicho chini yake. Ukiukwaruza utando huo, hujijenga upya wenyewe ilimradi uso ni safi na hewa inaufikia. Kutu huanza pale utando unapozuiwa kujijenga: chini ya uchafu uliokaa muda mrefu, ndani ya kiungo kinachoshikilia maji, mahali palipopata kloridi nyingi kutoka kwenye chumvi au dawa za klorini, na mahali ambapo vumbi la chuma cha kawaida limegandamana juu ya bati.

Mwingereza Harry Brearley, aliyefanya kazi katika mji wa Sheffield, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mgunduzi wa chuma cha namna hii mwaka 1913. Tangu wakati huo zimetengenezwa aina nyingi sana, na tofauti zake ndizo zinazomhusu mnunuzi wa leo.

Ni aina zipi zinazouzwa, na ipi inafaa kwa kaunta ya nyumbani?

Mnunuzi atakutana hasa na aina tatu. Ya kwanza ni 304, yenye kromiamu ya takriban asilimia 18 na nikeli ya takriban asilimia 8. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa kaunta na sinki bila kusita. Ya pili ni 201, ambayo sehemu kubwa ya nikeli imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na manganizi kwa sababu manganizi ni ya bei nafuu. Kwa macho inafanana na 304, lakini haivumilii chumvi na unyevu kama 304, na mara nyingi huanza kuonyesha madoa ya kahawia kuzunguka sinki. Ya tatu ni 430, ambayo haina nikeli. Inafaa kwa milango ya kabati, kingo za ukutani na sehemu zinazobaki kavu, lakini si kwa uso unaomwagikiwa maji mchana kutwa.

Kama uwezo wa familia unafikia 201 tu, tunashauri kaunta iwe fupi zaidi kuliko kushusha aina ya chuma. Mita moja na nusu ya 304 kuzunguka sinki itafanya kazi kwa miaka mingi, ilhali mita tatu za 201 zitahitaji kuangaliwa na kusuguliwa mara kwa mara.

Tuko kando ya Ziwa Tanganyika. Je, tunahitaji aina ya 316 kama watu wa pwani?

La. Aina ya 316 ina molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3, nayo huongezwa ili kupambana na kloridi, hasa ile ya maji ya bahari na hewa yake yenye chumvi. Ushauri wa kununua 316 una mantiki kwa nyumba iliyo ufukweni Dar es Salaam, Tanga au Unguja. Ziwa Tanganyika ni ziwa la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na upepo wake unaofika Kibirizi au Katonga haubebi chumvi ya kudhuru kaunta. Muuzaji anayekuambia kwamba mtu wa kando ya ziwa lazima anunue 316 anakutoza gharama ya bahari ambayo hapa haipo. Ongeza fedha hizo kwenye unene wa bati.

Je, sumaku inatosha kutambua stenlesi nzuri?

Sumaku husaidia nusu ya kazi. Aina ya 430 hunaswa na sumaku kwa nguvu, kwa hiyo bati linalouzwa kwa jina la 304 huku likishika sumaku katikati ya uso wake lina mashaka makubwa. Lakini 201 nayo kwa kawaida hainaswi, na kwa sababu hiyo sumaku haiwezi kuitofautisha na 304. Vilevile bati halisi la 304 linaweza kuvuta sumaku kidogo kwenye kona zilizokunjwa, kwa kuwa kukunjwa hubadilisha mpangilio wa ndani wa chuma. Hilo si kosa la muuzaji.

Njia bora zaidi ni kuangalia maandishi ya aina yaliyochapwa kwenye nailoni inayofunika bati jipya au kwenye bati lenyewe, kudai risiti iliyoandikwa "304" kwa kalamu ya muuzaji, na kuomba cheti cha kiwanda pale unaponunua shehena kubwa. Vipo pia vimiminika vya kupimia ambavyo hudondoshwa juu ya bati pamoja na betri ndogo, na rangi inayotokea huonyesha kama kuna manganizi nyingi. Karakana inayofanya kazi hii kwa uzito inapaswa kuwa navyo, na mteja ana haki ya kuomba kipimo kifanyike mbele yake.

Bati liwe na unene gani?

Watu wa Kigoma wanaijua geji kutokana na mabati ya kuezekea: geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Kanuni hiyo ya namba kubwa kuwa bati jembamba inatumika pia katika stenlesi, ila tunakushauri kuagiza kwa milimita ili pasiwe na mabishano. Kwa kaunta ya nyumbani unene wa milimita 1.2, ambao ni karibu na geji 18, ndio kipimo chetu. Milimita 1.5 ni bora zaidi kwa anayemudu, hasa pale ambapo sufuria kubwa za shughuli hutua kwa kishindo. Milimita 0.8 inaweza kutumika ukutani nyuma ya jiko; ikiwekwa juu ya kaunta itabonyea na kutoa mlio kila sahani inapowekwa.

Kama huna kifaa cha kupimia unene, tumia mizani. Bati kamili la futi 4 kwa futi 8 la aina ya 304 lina uzito wa takriban kilo 19 likiwa na unene wa milimita 0.8, takriban kilo 24 likiwa na milimita 1, takriban kilo 28 likiwa na milimita 1.2 na takriban kilo 35 likiwa na milimita 1.5. Mizani ya kupimia magunia ya dagaa au madumu ya mawese haikosekani sokoni. Bati unaloambiwa ni la milimita 1.2, kisha likaonyesha kilo 22, si bati ulilolipia, na hakuna maneno ya muuzaji yanayoweza kuongeza kilo hizo zilizopungua.

Chini ya bati kuwekwe nini?

Bati peke yake halijitoshelezi. Katika nyumba nyingi za kwetu tayari kuna jukwaa la zege lililojengwa juu ya kuta fupi za tofali, na hilo ndilo tegemeo zuri kuliko yote, mradi lisawazishwe vizuri na likauke kabisa kabla ya bati kuwekwa. Pale ambapo kaunta inajengwa kwa fremu, tumia plaiwudi inayostahimili maji yenye unene wa milimita 18, na ubandike bati juu yake kwa gundi iliyotandazwa uso mzima. Gundi iliyowekwa kwa matone huacha nafasi za hewa ambazo ndizo chanzo cha kelele na mabonyeo. Mbao za mninga hufaa sana kwa fremu. Ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa usitumike karibu na sinki hata kidogo, kwa kuwa hufura maji yanapoupata na bati huinuka pamoja nao.

Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya bati na ukuta, kwa sababu stenlesi hutanuka inapopata joto: kaunta ya mita 2 ikiongezeka joto kwa nyuzi 40 hurefuka kwa zaidi ya milimita moja. Nafasi hiyo izibwe kwa silikoni isiyotoa harufu kali ya siki inapokauka, kwa kuwa ile yenye harufu hiyo hutoa asidi.

Je, fundi yeyote wa kuchomelea mageti anaweza kuifanya kazi hii?

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo tunaomba msomaji asiharakishe. Fundi wa mageti anaweza kuwa hodari kabisa katika kazi yake, lakini stenlesi nyembamba inadai mambo matatu ambayo geti halidai.

Jambo la kwanza ni njia ya kuchomelea. Kaunta na sinki huchomelewa kwa gesi ya agoni, ambayo hufukuza hewa pale chuma kinapoyeyuka, kwa kutumia waya wa kujazia wa stenlesi unaolingana na bati. Kwa 304 waya huo ni 308L. Kiungo kilichochomelewa kwa waya wa chuma cha kawaida kitashika kutu hata kama bati lenyewe ni la daraja la juu.

Jambo la pili ni zana. Diski ya grenda iliyokwisha kukata nondo hubeba vumbi la chuma, na inapotumika kwenye stenlesi hulipandikiza vumbi hilo usoni, ambapo huchanua kutu baada ya majuma machache. Cheche zinazoruka kutoka kwenye geti linalokatwa pembeni hufanya hivyohivyo. Uliza kama karakana ina diski na brashi zilizotengwa kwa stenlesi peke yake, na uangalie kama bati lako limefunikwa wakati kazi nyingine ikiendelea.

Jambo la tatu ni usafishaji wa kiungo. Baada ya kuchomelea, pembeni ya kiungo hubaki mkanda wenye rangi ya dhahabu, kahawia au buluu. Mkanda huo unapendeza kwa macho, lakini chini yake kromiamu imepungua, na ndio utakaoshika kutu kwanza. Fundi lazima auondoe kwa kusugua hadi chuma kisafi kionekane, au kwa dawa maalumu ya asidi ambayo ni hatari na haifai kutumika nyumbani.

Mafundi wanaotengeneza makabati ya kuuzia chipsi wamezoea stenlesi nyembamba, lakini wengi huunga kwa ribiti. Kwa kaunta ya jikoni usikubali ribiti karibu na sinki. Maji huingia kati ya mabati mawili na hayatoki. Chuo cha VETA mjini Kigoma na ofisi ya SIDO mkoani ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza ni nani mwenye mashine ya agoni na uzoefu wa kazi hii.

Tuchague uso unaong'aa kama kioo au uliopigwa brashi?

Uliopigwa brashi. Uso wa kioo huonyesha kila alama ya kidole na kila mkwaruzo. Uso wa brashi una mistari myembamba ya upande mmoja, na mikwaruzo ya matumizi huchanganyika nayo. Hakikisha mistari inafuata urefu wa kaunta.

Je, tunaweza kuweka sufuria ya moto au jiko la mkaa juu yake?

Sufuria iliyotoka motoni haina madhara. Stenlesi huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 1,400 za Selsiasi, na sufuria ya ugali haikaribii hata kidogo. Jiko la mkaa ni habari nyingine, kwa kuwa linakaa mahali pamoja kwa saa nyingi na joto la kitako chake linaweza kupita nyuzi 300, ambapo stenlesi huanza kugeuka rangi na kuwa ya manjano, kisha kahawia. Gundi na plaiwudi iliyo chini zitaungua kabla ya chuma kudhurika. Kwa hiyo jiko la mkaa lijengewe mahali pake pa tofali au zege, na stenlesi ianzie pembeni.

Tunaongeza neno moja kuhusu kimo. Kaunta ya sentimita 85 hadi 90 inafaa kwa kukata na kuosha, lakini anayesonga ugali wa muhogo katika sufuria kubwa iliyo juu ya jiko la gesi lililowekwa juu ya kaunta hiyo atachoka mabega. Sehemu ya jiko ishushwe kwa sentimita 10 hadi 15, hasa pale ambapo mpishi wa nyumba ni bibi au binti.

Isafishwe vipi kila siku?

Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na dodoki au kitambaa laini, ukifuata mistari ya brashi. Kisha suuza na ukaushe. Hatua ya kukausha hurukwa na wengi, nayo ndiyo inayoleta tofauti kubwa kuliko dawa yoyote. Stilwaya isitumike, kwa kuwa huacha vipande vidogo vya chuma vinavyoshika kutu. Majivu na mchanga, ambavyo vimesafisha sufuria zetu kwa vizazi, vibaki kwenye sufuria: juu ya kaunta huacha mikwaruzo ya mviringo isiyoondoka. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ikilazimika kutumika baada ya samaki au nyama, ichanganywe na maji mengi, ikae dakika chache tu, kisha isuuzwe kabisa.

Chumvi ya Uvinza, ndimu na nyanya zinadhuru?

Ndimu, siki, ukwaju na nyanya zikifutwa baada ya mapishi hazina shida. Chumvi inahitaji uangalifu zaidi, hasa ikiwa mbichi na yenye unyevu. Mfuko wa chumvi uliotulia juu ya kaunta, au sinia la samaki waliotiwa chumvi lililoachwa usiku kucha, hutengeneza maji yenye kloridi kali chini yake, na maji hayo hutoboa vishimo vidogo ambavyo havizibiki tena. Chumvi iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, na samaki watiwe chumvi ndani ya beseni la plastiki.

Maji ya bomba yanaacha madoa meupe. Ni kutu?

Si kutu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini yaliyoyeyuka na asili yake ni ya ualkali, hivyo tone linalokaukia juu ya chuma huacha ukoko mweupe. Paka siki iliyochanganywa na maji au maji ya ndimu, subiri kidogo, suuza na ukaushe.

Yametokea madoa ya kahawia. Je, kaunta imekwisha?

Mara nyingi haijaisha. Jaribu kwanza kuyasugua kwa baking soda iliyolainishwa kwa maji, ukifuata mistari. Yakitoka na uso ulio chini ni laini, ilikuwa kutu ya juujuu iliyoletwa na kopo lenye maji, stilwaya au vumbi la grenda. Yakirudi mahali palepale kando ya kiungo, tatizo ni la uchomeleaji na fundi aitwe arudie kusafisha. Vishimo vinavyohisika kwa ukucha ni dalili ya kloridi au ya bati duni, na havitatoweka kwa kusuguliwa.

Vipi kuhusu umeme?

Chuma hupitisha umeme, na kaunta huwa na maji. Fundi umeme mwenye leseni aiunganishe kaunta na waya wa eathi, soketi zikae mbali na sinki, na nyumba iwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja. Jambo hili lisiahirishwe kwa sababu ya gharama.

Bati moja linatosha?

Kwa jiko la kawaida linatosha. Bati la futi 4 kwa 8 lina upana wa sentimita 122 na urefu wa sentimita 244. Kaunta yenye kina cha sentimita 60, ukingo wa mbele wa sentimita 4 unaokunjwa chini kwa sentimita 2, na ukingo wa nyuma unaopanda ukutani sentimita 10, hutumia sentimita 76 za upana huo. Kinachobaki ni kipande cha takriban sentimita 45 kinachofaa kuzuia mafuta ukutani nyuma ya jiko la gesi. Mwambie fundi achore mpangilio huo kwenye karatasi kabla ya kukata. Mabati haya kwa kawaida husafirishwa kutoka Dar es Salaam, na kosa la kukata humaanisha kusubiri tena.

Kaunta iwekwe katika hatua gani ya ujenzi?

Iwekwe baada ya vigae vyote, vya sakafuni na ukutani, kuoshwa kwa asidi. Asidi ambayo mafundi hutumia kuondoa mabaki ya saruji ni ya hidrokloriki, na mvuke wake pekee unaweza kuharibu stenlesi mpya katika chumba kilichofungwa, hata kama hakuna tone lililoigusa. Chumba kisuuzwe, kifunguliwe madirisha siku mbili au tatu, ndipo bati liingie. Nailoni ibaki juu yake wakati wa kufunga bomba na kupaka rangi, kisha ivuliwe mara kazi inapoisha, kwa sababu gundi yake ikikaa kwenye joto la jiko kwa miezi hung'ang'ania na huondolewa kwa taabu. Mabaki ya gundi hiyo hutoka kwa mafuta ya kula yaliyopakwa na kuachwa robo saa, yakifuatiwa na maji ya sabuni.